Kioo cha Bunduki Ndani ya Sanduku Lako

Mwanangu Yusuf,

Mola akutangulizie amani katika njia utakayoishika kesho, na akufikishe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha tuliyokulelea bado haina maandishi ambayo wenyewe tumekubaliana, na kwa sababu maneno haya nikiyasema kwa mdomo mama yako atayasikia kupitia ukuta, naye ana ya kwake ya kutosha kubeba leo.

Asubuhi alikuwa akikupangia sanduku. Alitafuta mahali pa kuweka mkebe wa nyirinyiri, ile nyama kavu iliyotiwa samli, akainua shati lako la shule, akakuta kitu kizito kimeviringwa ndani ya kikoi. Alinijia nacho amekishika kwa mikono miwili, akaniuliza, "Hii ni tochi?" Nikamjibu kwamba ndiyo, ni tochi. Akaridhika, akarudi kwenye mkebe wake.

Si tochi. Ni darubini ya bunduki, nayo iko mezani mbele yangu ninapoandika. Najua uliinunua kwa yule muuza saa wa sokoni, kwa maana hata mimi alinionyesha, akaninong'oneza kwamba iliachwa na Mzungu aliyekuwa akiwinda huku zamani. Najua pia kwa nini umeinunua. Kampuni ya safari za uwindaji iliyokuajiri Nairobi imekuambia kwamba wanafunzi wa kazi watapimwa kwanza kwenye uwanja wa shabaha, na hukutaka kufika mikono mitupu mbele ya vijana wa huko. Hilo nalielewa. Lakini kesho msafara wa malori utasimamishwa darajani, na kila msafiri mwenye jina la Kisomali kama letu atafunguliwa sanduku. Askari atakitazama kioo, atautazama uso wako, kisha atatamka neno moja tu, na neno hilo ni shifta, mwasi wa porini. Hakuna atakayekuuliza kama kilikuwa cha kuwindia swala.

Sijaamua nikifanye nini. Jua bado liko juu ya miti ya mtoni, na amri ya kutotoka nje haijaanza. Nina muda wa kukueleza kwanza. Habari za chakula, sala na nguo za baridi umekwisha kuzisikia kwa mama yako, na zaidi ya mara moja. Mimi nitakueleza habari za vioo, kwa kuwa ni elimu niliyoinunua kwa gharama ambayo hakuna mtu mwingine wa mji huu aliyeilipa.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya. Nilisimama mbele ya mabaraza, kushoto kwangu mkubwa wa serikali, mbele yangu wazee waliokaa chini, na sentensi za pande zote mbili zikapita kinywani mwangu. Nilitafsiri vitisho kwa heshima na malalamiko kwa ufasaha, nikajisifu kwamba hakuna maana iliyonipotea njiani. Kwa sababu ya kazi hiyo nilipewa leseni ya bunduki, ili niwazuie simba na fisi waliokuwa wakishambulia zizi la ndugu yangu Bashir, adeer yako. Jumamosi maafisa walipokwenda kupiga shabaha nyuma ya kambi ya polisi, waliniruhusu nilale chini pamoja nao na kufyatua zamu yangu. Watu wetu hawakunisifu kwa hilo. Unajua jinsi mwindaji anavyotazamwa kwetu: ni mtu aliyekosa mifugo. Mimi nilikuwa na mifugo, ila nilitaka pia kuwa hodari mbele ya maafisa. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Nilisafiri hadi Nairobi kununua kioo. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, mpole, mwenye miwani minene. Aliweka darubini mbili juu ya meza, moja ndogo, nyembamba, isiyovutia, na nyingine ndefu na nene kama mchi.

"Bwana unapiga nini?" akaniuliza.

"Fisi. Simba akija. Mara nyingine swala au tandala."

"Basi chukua huyu mdogo."

"Na huyu mkubwa je? Naona bei yake ni nafuu zaidi."

"Nafuu, ndiyo. Waliomtengeneza wameweka pesa yote kwenye kukuza. Kwenye kioo chenyewe hawakuweka kitu." Akacheka. "Wateja wanapenda kukuza. Wanaangalia dirishani, wanaona nzi juu ya jengo la pili, wanalipa, wanakwenda."

Niliangalia dirishani, Yusuf. Niliona nzi juu ya jengo la pili. Nikalipa, nikaenda.

Kabla sijatoka alinionyesha pia darubini ya mkononi, ile ya macho mawili, akasema mtu wa nchi tambarare huihitaji kuliko kioo cha bunduki. Nilimjibu kwa ufasaha wangu wote kwamba kioo kimoja kinachofanya kazi mbili ni akiba. Mzee yule hakubishana nami. Alikifunga kioo kwa karatasi na kamba, akanitakia safari njema.

Uwanjani kilinifundisha upesi. Kilinilazimisha nisogeze jicho karibu mno, na bunduki iliporudi nyuma kwa teke lake, ukingo wa chuma ukanipasua nyusi. Alama hii ambayo ulipokuwa mtoto ulipenda kuigusa haikutokana na simba. Risasi za kwanza zilikwenda nilikotaka, zilizofuata zikahama taratibu, kwa sababu skrubu za ndani hazikustahimili mtikisiko. Inspekta wa polisi, mtu wa bara mwenye utani mwingi, alikuja akasimama juu yangu nikiwa nimelala na damu inanichuruzika. "Bwana Mkalimani," akasema, "hiyo ni bunduki, ama umekuja kutafuta mwezi wa Ramadhani?" Askari wote walicheka, nami nikacheka. Sikukirudisha kioo. Mtu aliyekwisha kujisifu kwa kitu alichonunua hukitetea hata kinapomuumiza, na mimi nilikuwa hodari wa kutetea.

Porini kilinifundisha tena. Nilimwona tandala ng'ambo ya korongo, mbali sana, na ndani ya kioo alikuwa mkubwa kama mbuzi wa jirani. Nilifyatua, akaanguka. Bashir alikuwa nami, kisu kiunoni. Tulikimbia, tukateremka korongo, tukapanda, tukapenya miiba, na tulipofika mnyama alikuwa amekwisha kukata roho. Kisu hakikumwahi. Kilichokuwa nyama kilikuwa sasa kibudu, na hakuna mtu wa nyumba yetu ambaye angekiweka mdomoni.

Bashir aliinama akihema, mikono magotini. "Warya," akaniambia, "fisi wa nchi hii wangeruhusiwa kupiga kura, wewe ungekuwa mbunge."

Alikuwa sahihi, na hilo hutalisikia kwa wageni utakaowatumikia huko, kwa sababu wao hawana haja ya kisu. Kwa mtu wetu, kioo hakitakiwi kufika mbali kuliko miguu inavyoweza kuuwahisha mkono. Kukuza kunakozidi hapo ni kuwalisha fisi. Mtu wa kwetu anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kuvuka mlango wa duka, lakini mimi nilikuwa msomi, nikalisahau.

Hata hivyo kioo kile kilipendwa, na sababu yake haihusu kuwinda. Unajua kwamba kila ukoo una chapa yake kwa ngamia, shingoni, shavuni au pajani, na kwamba kumfuata ngamia aliyepotea nusu siku kwa miguu, kisha kumkuta ana chapa ya watu wengine, ni uchovu unaoweza kumtoa mtu machozi. Mimi nilipanda kichuguu, nikaegemeza bunduki, nikaisoma chapa nikiwa pale pale nilipolala. Habari ilienea. Watu wazima walinifuata: "Mkalimani, tuangalizie wale." Nikawaangalizia. Nilikuwa nimeigeuza bunduki kuwa jicho la kijiji, nikaona fahari. Hakuna aliyesema, wala mimi sikuwaza, kwamba mtu anayeangalia kwa kioo cha bunduki ameelekeza mtutu kwa kila anachokiangalia.

Amani ilipokuwepo, ngamia hawakujali.

Kisha vita vikaja. Bunduki za wananchi zilikusanywa, yangu nikaachiwa kwa kibali kwa kuwa nilikuwa mtu wa ofisi. Unajua jinsi adeer yako alivyokufa. Mji mzima unajua, na kila upande una namna yake ya kusimulia. Usichokijua ni upana wa kile kioo.

Ilikuwa kabla ya mvua za vuli, na watu walikuwa bado hawajakusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Ngamia wa Bashir walikuwa wamepotea. Tuliona kundi chini ya migunga, mbali, mchana kweupe. Nikapanda kichuguu. Bunduki haikuwa na risasi. Nilikuwa nimeitoa mwenyewe, kama nilivyofanya siku zote nilipokuwa nikisoma chapa. Bashir alisimama kando yangu, bakora mabegani, mikono ameining'iniza juu yake.

"Ni wetu?" akauliza.

"Ngoja. Naona shingo."

"Shingo ya ngamia au ya bibi harusi? Soma chapa, walaal, jua linatuua."

"Yule jike anafanana na wa kwetu, ila amegeukia upande wa pili."

"Basi mwambie ageuke. Wewe si mkalimani?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na nilikuwa bado nacheka alipoanguka kando yangu kwa risasi.

Ndani ya duara la kioo changu kulikuwa na shingo ya ngamia, na hakukuwa na kitu kingine. Kioo kinachokuza sana hukata sana. Hilo nalo mzee wa dukani aliniambia, nami sikusikiliza. Nje kidogo ya duara hilo, kwenye kivuli cha mgunga wa jirani, doria ya askari ilikuwa imekaa inapumzika. Kwa macho niliyozaliwa nayo ningewaona. Kwa kile kioo kidogo kisichovutia ningewaona. Kwa darubini ya mkononi ningewaona, na wao wangemwona mtu mwenye darubini. Walichokiona ni mtu juu ya kichuguu, bunduki begani, mtutu umewaelekea wao, ametulia, halegezi. Ningekuwa mmoja wao, ningefyatua.

Nimeiandika sentensi hiyo, na naichukia. Lakini nimeishi kwa kutafsiri, na siwezi kuifasiri siku ile kwa namna nyingine.

Afisa aliyenihoji alikuwa kijana, kutoka bara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunipiga. Aliniletea chai.

"Ulikuwa ukimlenga nani?"

"Sikumlenga mtu, bwana. Nilikuwa nikisoma chapa ya ngamia."

"Kwa bunduki?"

"Kwa kioo kilicho juu ya bunduki."

"Na bunduki ilielekea wapi?"

"Kilikoelekea kioo."

Aliacha kuandika. "Mzee," akasema, "wewe mwenyewe ungeyaamini maneno hayo?"

 Kila nilichokisema kilikuwa kweli, na hakikuweza kuaminika. Waliniachia kwa sababu chumba cha risasi walikikuta kitupu. Walikikagua pale pale, Bashir akiwa bado hajapoa. Kisha wakachukua bunduki, kioo, kibali na kazi yangu. Ngamia wale chini ya migunga, nilielezwa baadaye, hawakuwa hata wa kwetu.

Nawe usidhani upande wa pili ulikuja kunifariji. Watu wa porini walimtuma mtu kabla mwezi haujaisha. Aliketi hapa nilipoketi, akanywa maziwa aliyoandaliwa na mama yako, akataka kujua kama kile kioo kilichukuliwa kweli au nimekificha, kwa maana walikihitaji. Nilimjibu kilichukuliwa. Akasema ni hasara. Bashir hakumtaja. Tangu siku hiyo nikisikia mtu sokoni, awe wetu au wao, akizungumza juu ya haki ya vita hivi, natazama kama anajua kwamba kuna mtu alikufa akitania.

Nimekichunguza kioo chako. Sitakuficha: umenunua nilichonunua mimi. Nimekitikisa karibu na sikio, kuna kitu kimelegea ndani. Nimekielekeza kwenye kona ya chumba isiyo na mwanga, kikawa giza kabla ya jicho langu kuwa giza; na alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama hutembea, hakitakufaa. Nimekizamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mapovu yakatoka kwenye pete ya mbele, maana yake unyevu utaingia na mvua ya kwanza ya huko itakipofusha. Na kinakuza, Yusuf, kinakuza sana. Kutoka mlangoni niliona manyoya ya kunguru juu ya paa la msikiti. Msikiti wenyewe sikuuona.

Siku itakapofika ambapo una leseni kwa jina lako, mahali ambapo jina lako halitoshi kukufungia, nunua kwanza darubini ya mkononi, na uizoee mpaka mkono uende kwake wenyewe. Kioo cha bunduki kiwe kidogo, chenye uwanda mpana wa kuona, na usione haya wenzako wakikicheka. Kama fedha ni chache, na zitakuwa chache, uzitumie kwenye vishikio vya chuma vinavyokibana juu ya bunduki na kwenye ubora wa kioo. Ukubwa waachie wanaoangalia nzi. Kabla ya kulipa, sogeza jicho nyuma mpaka picha iwe kamili, kisha jiulize kama nyusi yako iko salama. Zungusha skrubu mbele, uirudishe, uone kama inarudi ilikokuwa. Na usikiinue kamwe kutazama kitu usichotaka kife. Haya ya mwanzo utayapata kwa mwalimu yeyote wa uwanja wa shabaha. Hilo la mwisho nalo watakuambia, kwa sauti kubwa, kama kanuni ya kwanza. Sitaki ulisikie kwao kama kanuni.

Nimefikiri kukipeleka ofisini mimi mwenyewe, niseme kimeokotwa. Ningesema vizuri. Nimewahi kusema vizuri. Wangekuzuia usisafiri mpaka waridhike, na sijui mtu wa kwetu aliyewaridhisha. Nimefikiri kumrudishia muuza saa, lakini mtu anayemuuzia kijana wa Kisomali kitu kama hiki, wiki ya safari, ama ni mjinga ama analipwa na mtu, na yote mawili yanaishia darajani. Nimefikiri kukuita, tukae, nikuombe. Lakini wewe ni mwanangu: utanijibu kwa ufasaha, utanieleza jinsi utakavyokificha chini ya magunia, na nitakapomaliza kukusikiliza nitakuwa nimekubali.

Nakusikia uani sasa. Unamwambia mama yako kwamba nyirinyiri hiyo itatosha kulisha msafara mzima na askari wao, naye anakuambia, "Wape, hooyo, wape, labda watakuwa na haya." Mnacheka wote wawili. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimekivunja nyuma ya choo kwa nyundo ya kupigia vigingi vya hema, vioo nimevisaga mpaka vikawa chumvi, na bomba la chuma limekwenda shimoni, mahali ambapo hata askari mwenye bidii hatatia mkono. Akiba yako ya miezi mingi imeishia chooni, na aliyeitupa ni baba yako, bila kukuuliza. Barua hii ninaiviringa ndani ya kikoi kile kile, chini ya shati lile lile. Askari wa darajani hutafuta chuma; barua za wazazi hawazisomi. Nakujua: hutakipapasa kabla ya kuvuka, kwa hofu ya kuonekana. Utakitafuta ng'ambo, lori likishashika barabara, na utapata karatasi.

Hapo utanichukia. Huenda ukafika Nairobi ukiwa bado unanichukia, ukasimama uwanjani mikono mitupu mbele ya vijana wale, ukanichukia zaidi. Sikuombi unisamehe, wala sitakuandikia tena juu ya jambo hili. Bashir hajawahi kunilaumu hata mara moja, na kila siku ninatamani angeweza. Wewe nilaumu, Yusuf. Nilaumu ukiwa ng'ambo ya mto, kwa sauti yako yote, miaka mingi.

Baba yako.